Wanaoshika mashine za kupumulia mbona ndio wa kwanza kuomba kuhamishwa?

#1 Zamu_ya_Usiku

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nafanya kazi chumba cha mahututi, spitali moja hapa Unguja, sitoitaja. Swali langu: kwa nini wanaoshika oksijeni na mashine za kupumulia ndio wa mwanzo kuomba kuhamishwa? Wodi ya upasuaji watu wana damu mpaka viwikoni, kwa wazazi ni mayowe usiku kucha, na kote huko watu wanakaa miaka. Kwetu mtu akishajua tu kuipanga mashine vizuri, anaanza kuulizia nafasi kliniki ya macho.

Nna mwenzangu, mtu wa masihara kweli kweli, ukiwa naye zamu hukuoni kunakucha. Siku hizi anafika, anasaini, kila kitu anafanya sawasawa, ila hamtazami mgonjwa usoni. Namuuliza vipi, ananambia "mie mzima". Si mzima.

Wakubwa wanasema ni mshahara. Mie nakataa. Kliniki ya macho hailipi zaidi. Haya, toeni yenu.

#2 Urojo_Mkavu

Kliniki ya macho ina kiyoyozi. Uzi ufungwe 😂

#3 Jangombe_Juu

Mie si nesi, nimemuuguza baba tu. Jawabu langu ni kengele. Ile mashine inalia, inanyamaza, inalia tena. Nilikuwa nalala nje barazani juu ya mkeka, na huko nje naisikia. Mara nyingi mzee hana kitu, kile kibanio cha kupimia oksijeni kimemtoka kidoleni basi. Kuna nesi nilimwona anaizima bila hata kugeuka, nikamkasirikia mpaka nikataka kwenda kumshitaki. Baada ya usiku wa pili na mie nikawa siisikii tena. Sasa yeye anakaa nayo mwaka mzima.

#4 Zamu_ya_Usiku

#3 pole kwa mzee. Hilo ni kweli, na si letu peke yetu. Joint Commission, wale wanaokagua spitali Marekani, walitoa tahadhari 2013 juu ya kengele hizi, kwamba nyingi hazihitaji mtu kufanya chochote, na mtu akizizoea ndipo ile ya kweli inapompita. Lakini wodi ya watoto wachanga nako zinalia, na kule hawakimbii.

#5 MamaNaila

Watoto wangu, mie nimestaafu, nitasema nilichokiona.

Zamani hatukuwa na hizo kengele na watu walichoka vile vile. Tulikuwa na mitungi. Mtungi una sindano yake ya kuonesha gesi iliyobaki, na usiku kazi yako ni kuiangalia inavyoshuka na kupiga hesabu kama itafika asubuhi. Kuna mgonjwa humu na kuna mgonjwa kule, mtungi mmoja. Nani anaamua? Daktari keshalala, unaamua wewe. Asubuhi anakuja kuandika.

Halafu ukaja ule mwaka wa 2008 umeme ulipokatika Unguja nzima miezi mitatu. Jenereta ikigoma, mgonjwa anapuliziwa kwa mfuko wa mkono. Mnapokezana. Mkono unakufa ganzi na huwezi kuuacha, maana ukiacha ndio umemuua. Wapo niliokuwa nao wakati ule ambao mpaka leo wakishika pampu ya kujazia mpira wa baskeli wanaiweka chini.

#6 Kiwengwa99

Shikamoo Bi. Ila 2008 haikuwa miezi mitatu, ilikuwa kama mwezi, Mei kuingia Juni. Miezi mitatu ni ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na duka la barafu, nikafilisika.

#7 MamaNaila

Marahaba mwanangu. Miaka imechanganyika, giza lilikuwa lile lile.

#8 Urojo_Mkavu

Duka la barafu 2009! Kiwengwa99 wewe ndiye unayehitaji daktari wa akili, si manesi.

#9 Tumbe_Toronto

Asanteni kwa uzi. Mie mtu wa Pemba, nipo Canada, na hii ndiyo kazi yangu khasa. Huku na Marekani mtaalamu wa tiba ya upumuaji ni fani peke yake, ina skuli yake na leseni yake. Uingereza hawana, kazi hiyo wanagawana wauguzi na watu wa fiziotherapia, na naona nyumbani tumefuata njia hiyo. Kwa hiyo Zamu_ya_Usiku, unafanya kazi yangu juu ya kazi yako.

Nikwambie kinachotuchosha sisi. Nesi ana wagonjwa wake, anawajua majina, anajua na mtoto wa mgonjwa anasoma wapi. Mie sina mgonjwa, nina spitali nzima. Kifaa kinalia kiunoni, nakimbia, nakuta mtu hapumui. Namwekea mpira wa kupumulia kooni, napanga mashine, natoka. Kifaa kinalia tena. Sifiki pahala ila mtu anapokata pumzi, na akishapona nishaondoka, simwoni anavaa viatu kwenda kwao. Ukiishi hivi miaka, unaanza kudhani hakuna anayepona.

La pili sijui nilisemeje. Familia ikikubali kwamba basi, matibabu yasitishwe, wa kuutoa ule mpira ni mie. Daktari amekaa kikao, nesi ameshika mkono wa mama, na mimi ndiye ninayezima. Siku moja asubuhi nimefanya hivyo, mchana nimekula sandwichi, jioni nimempigia mama simu Tumbe ananiuliza kazi ilikuwaje. Nikamwambia nzuri.

#10 Maalim_Skuli

Dada #9, Allah akupe subra. Kwa faida ya wasomaji: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikaa Amman mwaka 1986, ikatoa azimio kwamba ubongo ukisimama kabisa, na madaktari wenye ujuzi wakathibitisha kuwa haurudi, inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo unapiga kwa msaada wake. Basi usijibebeshe dhambi isiyo yako.

#11 Tumbe_Toronto

Ahsante Maalim. Azimio nalijua, nimelisoma zaidi ya mara moja. Ila wengi ninaowatoa mashine ubongo wao haujafa. Ni wagonjwa wa mapafu au saratani waliofika mwisho. Wengine wanakutazama.

#12 Maalim_Skuli

Hiyo ni mas'ala nyengine na wanazuoni wana maneno marefu. Nitauliza, sitaki kusema kwa kubahatisha.

#13 Ndugu_Mwema

Kwa mtazamo wangu hapa kinachokosekana ni imani. Mtu anayejua kwamba ajali, yaani siku ya kufa, iko mikononi mwa Allah hachoki roho. Mbona wazee wetu walihangaika na karafuu na bahari, nani aliyelia kachoka?

#14 MamaNaila

Walilia. Hukuwepo.

#15 Zamu_ya_Usiku

#13 yule mwenzangu hajakosa sala ya alfajiri tangu nimjue. Anaswali pale pale nyuma ya kabati la dawa. Usituletee hayo.

#16 Ndugu_Mwema

Sikumkusudia mtu. Nimesema kwa jumla.

#17 Data_Bila_Bando

Jamani 2019 Shirika la Afya Duniani lilishatangaza kwamba kuchoka kazini ni ugonjwa rasmi. Kwa hiyo mwenzako aende apewe cheti cha kupumzika, serikali imlipe. Mbona rahisi?

#18 Mkunazini_Mpya

#17 hapana. Nimesoma saikolojia kidogo, niruhusuni. Kwenye toleo la kumi na moja la orodha yao ya maradhi, lililoanza kutumika Januari 2022, wameiweka kama hali inayotokana na kazi, na wameandika wazi kwamba si ugonjwa. Maana yake cheti cha ugonjwa hakitoki kwa njia hiyo.

Walichoeleza ni alama za aina tatu: nguvu kuisha, mtu kujiweka mbali na kazi yake au kuidharau, na mtu kujiona hafai tena kwenye kazi yake. Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson walishatengeneza kipimo cha maswali juu ya mambo haya tangu 1981. Mtazameni mtu wa #1. Nguvu anazo, anafika, anasaini. Kazi anaijua. Iliyomshika ni ile ya katikati, kujiweka mbali. Kutomtazama mgonjwa usoni si ukatili, pengine ndiyo njia aliyoipata ya kuendelea kuja kazini.

Na kuhusu mshahara: aliyeanza kuiandika hali hii kitaalamu ni Herbert Freudenberger, New York, 1974. Aliandika juu ya watu waliokuwa wanajitolea kwenye kliniki za bure. Hawakuwa na mshahara wowote.

#19 Urojo_Mkavu

Sasa hapo si umethibitisha kwamba ni mshahara? Walikuwa hawalipwi, wakachoka!

#20 Mkunazini_Mpya

Loh. Sina jawabu la hilo 😅

#21 Wete_Bandarini

Nyinyi wa Unguja mnazungumza kengele na viyoyozi. Njooni Pemba niwaoneshe uchovu.

Mgonjwa hapumui vizuri, daktari anaandika rufaa, apelekwe Unguja. Ndege haipo au pesa ya ndege haipo. Ni boti. Nesi anapewa mgonjwa, faili na mtungi mdogo. Ule mdogo una kiasi cha lita 680 ukiwa umejaa. Mgonjwa akitumia lita 5 kwa dakika, unakwenda saa mbili na robo. Boti haifiki bandari ya Malindi, Unguja, kwa saa mbili na robo. Kwa hiyo ama ubebe mitungi zaidi ukabishane na watu wa boti, ama umpunguzie mgonjwa lita huku unamtazama midomo. Na kama ni kusi limechachamaa, wewe mwenyewe unatapika, mgonjwa anatapika, mtungi unataka kubiringika, na abiria mmoja anakuuliza kama anaweza kuweka begi lake hapo.

Ukishamkabidhi, unarudi na boti ya kesho. Posho ya safari inakuja siku inayopenda yenyewe. Nimesindikiza mara nyingi. Siogopi bahari, nimezaliwa nayo. Tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 lakini, nikipanda na mgonjwa natazama kwanza maboya yako wapi, na najiuliza kama nitamvalisha yeye au nitavaa mie. Hiyo hesabu naipiga kila safari.

#22 Kiwengwa99

Subhanallah.

#23 Jangombe_Juu

Wapemba hata kwenye kuchoka lazima mushinde.

#24 Wete_Bandarini

Na karafuu tunashinda. Endelea.

#25 Bahari_ya_Chwaka

Nimesoma zote, nami nna langu. #9 anasema huko kwao mgonjwa akiondoka hamwoni tena, na hiyo ndiyo inayomchosha. Sisi ni kinyume chake. Sisi tunawaona mno.

Nafanya kazi pahala padogo, siku moja nimemshika mkono mzee mmoja pumzi zake za mwisho. Wiki ile ile naingia Darajani kununua samaki, muuzaji ni mtoto wake. Ananipimia, anaongeza, anakataa pesa. "Wewe ndiye uliyekuwa na baba." Nimesimama pale na samaki mkononi. Nimrejeshee? Nile? Mwengine nilikutana naye ndani ya daladala ya Fuoni, hakunisalimia, akageuza uso dirishani. Huyo mamake tulishindwa kumpatia mashine kwa sababu zote zilikuwa na watu. Anajua, na anajua kwamba najua. Harusini nakutana nao. Khitmani ndio usiseme, ninaenda kama mtu wa familia na ninakaa kama mshitakiwa.

Watu wa Ulaya wakiandika juu ya uchovu huu wanasema ukitoka kazini iache kazi kazini. Kisiwa kina ukubwa gani niiache wapi?

#26 Tumbe_Toronto

#25 nimeisoma hii nimelia kwenye treni. Na nina wivu pia, nisamehe. Hakuna mtu hata mmoja huku aliyewahi kuniongezea samaki.

#27 Mume_wa_Nesi

Naomba na sisi wa nyumbani tusikike. Mke wangu ni wa wodi kama hiyo. Anatoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, anafika nyumbani watoto wanataka chai, mama yangu anataka kupelekwa kliniki, jirani ana shughuli na anatakiwa akasaidie kumenya vitunguu. Akisema amechoka anaambiwa "si ulikuwa umekaa tu ndani kwenye feni". Analala saa tano, adhuhuri kashaamshwa. Nyinyi mnatafuta kengele na falsafa, mtu huyu hajalala.

#28 MamaNaila

Na wewe mume wa nesi, chai unaijua kuipika?

#29 Mume_wa_Nesi

Najua Bi. Tangu mwaka huu.

#30 Urojo_Mkavu

😂😂 Bi MamaNaila apewe jukwaa lake mwenyewe.

#31 Data_Bila_Bando

Suluhisho la #21 mbona lipo. Zile mashine za kutengeneza oksijeni zinazovuta hewa ya kawaida. Unaijaza spitali, inahifadhi, unapanda nayo boti. Mitungi ya nini?

#32 Fundi_Vifaa

Kaka, haihifadhi kitu. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, inaichuja nitrojeni, inakupa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi papo kwa papo. Umeme ukizimika imezimika. Zipo ndogo za betri, lakini nyingi ya hizo haziwezi kumpa mgonjwa mahututi lita 5 mfululizo. Za kawaida za spitali zinatoa lita 5 au 10 kwa dakika na zinataka waya ukutani. Kwenye boti, mtungi ndio mtungi.

#33 Data_Bila_Bando

Sawa fundi. Leo si siku yangu.

#34 Raha_Leo_Mtaa

Swali la mjinga: hawa manesi kwa nini wasiende kuzungumza na mtu? Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili, kuna wataalamu.

#35 Bahari_ya_Chwaka

Nikionekana nashuka kituo kile kwa miguu yangu, magharibi hayajaadhiniwa shangazi yangu wa Makunduchi kashapiga simu. Na nikienda, nitakayemkuta mezani nimesoma naye.

#36 Mkunazini_Mpya

#35 hilo la mtaa ni kweli, ila naomba tusilitie nguvu. Wanaokwenda na kurudi makwao bila mtu kujua ni wengi kuliko tunavyodhani. Na si lazima uanzie huko. Mwenzangu mmoja wodi yao wakifiwa na mgonjwa wanasimama kidogo pamoja, mmoja anasoma dua, wengine kimya, halafu ndio kitanda kinatandikwa upya. Hakuna aliyewafundisha.

#37 Zamu_ya_Usiku

Sisi kitanda kinatandikwa kwanza. Kuna mwengine anasubiri mlangoni na jamaa zake wamesimama. Dua kila mtu anajisomea akiwa anakunja shuka.

#38 Wete_Bandarini

Hapo ndipo penyewe. Watu hawatoshi. Mengine yote ni matawi.

#39 Bahari_ya_Chwaka

Sikubali. Tuongezewe watu hata mara mbili, Darajani nitaendelea kwenda.

#40 Kusini_Upepo

Nimechelewa. Mie ni wa fiziotherapia, nafanya mazoezi ya kifua na wagonjwa wa mashine. Naongeza moja ambayo sijaiona. Ukikaa mbele ya mtu anayepigania pumzi, wewe mwenyewe unaanza kupumua juu juu. Bega linapanda, taya linakaza, hujui. Mgonjwa wa mguu hakuambukizi mguu wake. Nimejishika mara nyingi natoka wodini kifua kinaniuma kama nimepanda ngazi za Beit el Ajaib na gunia. Nadhani mwili wa mtu anayefanya kazi hii unachoka kabla ya roho, na sisi tunatafuta roho tu.

#41 Ndugu_Mwema

#40 hili la maana. Unafanyaje ukishajishika?

#42 Kusini_Upepo

Natoka nje dakika chache, nashusha mabega, natoa pumzi ndefu kuliko ninayoivuta. Ndilo zoezi lile lile ninalowapa wagonjwa wa pumu. Linasaidia kwa saa moja hivi, halisaidii kwa mwezi.

#43 Fundi_Vifaa

Na mie narudi kwenye kengele maana naona mmezipita. Zamu_ya_Usiku, monita zenu nani alizipanga? Spitali nyingi ninazoingia, mipaka ya kengele ni ile ile iliyotoka kiwandani, hakuna aliyeigusa. Mgonjwa wa mapafu ya muda mrefu ambaye daktari wake anaridhika na oksijeni ya damu ya asilimia 90, mashine imeambiwa ilie chini ya 95. Italia mpaka kiyama. Na vile vibanio vya vidole vikichakaa vinapoteza mapigo, hiyo ni kelele nyengine bure. Kuibadilisha mipaka ni kazi ya dakika mbili kwa kila kitanda, ila daktari aandike kiwango anachotaka, fundi na nesi wasijiamulie.

#44 Zamu_ya_Usiku

Zetu hazijaguswa tangu zitoke kwenye boksi. Nilikuwa sijui kama zinaguswa.

#45 Fundi_Vifaa

Zinaguswa. Mwambie mkuu wa wodi aandike barua kwa kitengo cha vifaa, aweke idadi ya vitanda na aina ya monita. Bila barua hatuingii.

#46 Zamu_ya_Usiku

Barua naiandika kesho. Yule mwenzangu ana mwandiko mzuri kuliko wangu, nitampa yeye aiandike.

#47 Urojo_Mkavu

Muandikeni na kiyoyozi humo humo.